Madoa ya Jua la Mskoti

Baba hakupenda mtu yeyote amwite yule mzungu wake wa mlimani Mwingereza. "Mskoti," alisahihisha kila mara, na mimi nilichoka kusikia, maana kwangu mzungu alikuwa mzungu tu, na huyu alikwisha kufa kabla sijaota meno.

Alikuwa mnajimu. Kwa sababu hiyo watu walipanda mlima kumuuliza habari za ng'ombe waliopotea na wachumba waliokawia, naye akawajibu kwa adabu kwamba yeye anajua habari za jua peke yake, na hata hizo hajazimaliza. Alizaliwa kwenye mvua nyingi, mahali ambapo jua huja kama mgeni na kuondoka bila kuaga. Enzi za ukoloni akaletwa Mwanza kupima ardhi. Akaliona jua letu likichomoza juu ya ziwa na mawe, akaacha kazi ya serikali. Alimwita baba, aliyekuwa fundi seremala, amjengee kibanda chenye paa la bati linalosukumwa pembeni. Baba alimaliza paa, ila hakuondoka tena.

Ndani ya kibanda hakuna aliyeruhusiwa kulitazama jua kwa jicho. Darubini ililitupa juu ya karatasi nyeupe, duara la ukubwa wa sahani, nawe ukayafuata madoa yake kwa penseli pale pale yalipo. Mskoti hakuwa mwangalifu ujanani na jicho lake moja lilikufa. La pili lilipochoka, baba ndiye akawa macho yake. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake. Siku ya mawingu uliandika "mawingu", na ukurasa huo ulikuwa na heshima sawa na mingine. Alipochukuliwa kwao akiwa mgonjwa, alimwachia baba agizo moja tu, asiruke siku. Baadaye ofisi moja ya serikali ikakichukua kituo, na baba akaendelea kupanda mlima kila asubuhi kama mtu anayekwenda kumjulia hali ndugu yake.

Nilikipenda kile kibanda. Jua lilitua kwenye karatasi likitetemeka kama kiini cha yai ndani ya bakuli linalobebwa, na nje ziwa lilikuwa jeupe vile vile, hata nikawa sijui mwanga unatoka wapi. Kelele za soko la samaki la Mwaloni zilifika juu zikiwa laini. Meli ya Nansio ilisogea polepole mno, nikadhani imesimama, kisha nikiinua kichwa tena haipo. Naamini nililala macho wazi mara nyingi mle ndani, na sikuwahi kuwa na furaha ya aina ile tena.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini. Ndege zilishuka kuchukua minofu ya sangara, kila kibaraza kikawa duka, watu wakaacha kuitana ndugu wakaanza kuitana mheshimiwa, na maofisini wakapunguzwa kazi. Jua nalo likanyamaza. Wiki zilipita bila doa hata moja, na baba akachora maduara matupu. Nilipolalamika alisema jua linapumzika, kwamba Mskoti naye alilikuta likipumzika na halikumchelewea.

Ndipo ikaja barua. Afisa angetoka Dar es Salaam kuona vituo vipi vinafanya kazi na vipi vifungwe. Wiki hiyo hiyo baba akalazwa kitandani na malaria. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani tu, na kazi ile alikwisha kunifundisha, basi nikapanda mimi.

Siku ya afisa nilisukuma paa, nikatazama. Jua lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nikafunua kurasa za nyuma, duara tupu, duara tupu, nikamwona akilini mgeni akisema huyu mzee amekaa hapa akila mshahara wa bure. Nililikasirikia jua, kweli kabisa. Nikashusha kitabu cha zamani cha Mskoti, nikachagua ukurasa mzuri, nikanakili madoa saba.

Afisa alikuwa kijana mwenye tai, mpole. Maduara matupu aliyapita haraka. Kwenye ukurasa wangu alisimama, akasema hapa kazi inaonekana, na kwamba atapendekeza kituo kibaki. Nilishuka mlima mbio kumpelekea baba habari, na kitabu nikakibeba kama ushahidi.

Baba aliyaangalia madoa. Mchungaji humtambua ng'ombe wake hata kwenye kundi la jirani, na yeye aliyatambua vivyo hivyo. Mskoti ndiye aliyeyachora, mwaka wa mwisho wa jicho lake.

Hakunigombeza. Alivaa sweta juu ya homa, akashuka hadi nyumba ya wageni ya Kirumba aliyofikia afisa, mimi nyuma yake nikilia bila aibu. Akamwamkua kijana yule kwa heshima, akamwambia ukurasa si wa kweli, binti yake ameutunga. Afisa aliona haya kuliko sisi. Alimuuliza kama anajua sasa italazimika kuandikwa nini, na baba akasema anajua. Kituo kilifungwa kabla ya mvua za vuli, darubini ikaondoka ndani ya sanduku la mbao.

Lakini jioni ile tuliporudi, nilijaribu kuokoa kilichobaki. "Baba, andika tupu," nilimwambia. "Nilitazama kweli. Halikuwa na doa."

"Nitaandika kwa neno la nani, mwanangu?"

Akapiga mstari kwa rula juu ya ukurasa wangu, akaandika chini yake, "Halikutazamwa." Neno hilo halikuwahi kuandikwa katika vitabu vile. Hata siku tuliyomzika mama, baba alipanda kwanza mlimani, akachora, ndipo akashuka kwenda makaburini.