Eda Isiyokwisha ya Bi Thuwaiba

Shangazi yangu Bi Thuwaiba alikaa eda miezi kumi na mitatu. Mpaka leo nikiikumbuka habari hiyo hukasirika kwanza, ndipo nikacheka.

Mumewe, Khelef, alifariki kwa homa mwaka 1907. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, lakini akiwa na mimba eda yake humalizika kwa kujifungua. Siku zilipokaribia kutimia, tumbo la shangazi likaanza kutuna. Mama mkwe wake, Bi Nunu, ambaye Khelef alikuwa mwanawe wa pekee, akatangaza mjukuu. Ikapita miezi tisa, kumi, kumi na miwili. Akasema mtoto amelala, ataamka. Nusu ya wanawake wa Malindi wakaitikia, kana kwamba mtoto ni paka.

Shangazi hakubisha. Alishona kofia chumbani mwake, bila manukato wala nguo ya rangi.

Asubuhi moja, akiinuka kuchukua uzi, maumivu yakamchoma upande wa kulia wa tumbo, akaanguka. Bi Nunu akafurahi, akidhani ni uchungu wa uzazi, akaanza kumkanda kwa mafuta ya nazi. Shangazi akazidi kuwa baridi, jasho linamtoka, midomo imempauka. Mkunga, Bi Mwatima, alipofika akalipapasa tumbo, akamshika Bi Nunu mkono.

“Usimkande tena. Hapa hapana mtoto. Pana uvimbe, nao umepasuka, damu inamwagikia ndani. Mpelekeni hospitali.”

Bi Nunu akauliza atatokaje mbele ya daktari mwanamume, naye yumo edani.

“Eda yake ishakwisha zamani,” akasema Bi Mwatima. “Ukimweka humu utamzika.”

Kaka zake wakamfunika gubigubi, wakambeba na kitanda chake mpaka hospitali. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akampasua, akaondoa uvimbe pamoja na kifuko kimoja cha mayai ya uzazi, akaufunga mshipa uliokuwa ukivuja. Adhuhuri akatoka kusema ataishi. Baba yangu akakaa chini palepale, akalia bila haya.

Wiki ya nne shangazi akarudi nyumbani. Aliyemngojea na maji ya kumwogesha, kama anavyoogeshwa mjane anayetoka eda, alikuwa Bi Nunu mwenyewe. Akammiminia kata mbili, ya tatu akaishusha chini.

“Nilimtaka Khelef arudi,” akasema. “Nikakufungia humu kwa ajili yake. Nisamehe, mwanangu.”

Shangazi akaiinua ile kata, akamrudishia mkononi.

“Mie n'mzima, mama,” akasema. “Nimwagie.”