Ukishapata Jibu, Kaa

Simu ya hospitali iliingia saa tatu kasorobo asubuhi. Mdogo wa marehemu aliipokea kwenye korido ya mahakama, mkoba bado begani. Muuguzi alisema maneno machache: dada yako ametutoka, pole sana mama. Alishukuru, akakata simu, akaingia chumba namba mbili na kukaa benchi la nyuma. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, alisema moyoni, akayameza machozi kama dawa chungu.

Dada yake alikuwa wakili wa kesi za jinai kwa miaka thelathini na mmoja, na kila Jumamosi aliwafundisha vijana wa sheria namna ya kusimama mbele ya hakimu. Darasa lilikuwa sebuleni kwake. Mwanafunzi alisimama nyuma ya meza ya kupigia pasi, stuli ya jikoni ikawa kizimba, na shahidi siku zote alikuwa mdogo mtu, fundi cherehani aliyeishia kidato cha nne, aliyeagizwa kudanganya, kununa na kujitia kiziwi.

"Huyu ni mcha Mungu," mwalimu aliwatania, "lakini mkalisheni kwenye ile stuli muone atakavyowatoa jasho."

Mwanafunzi akizidisha swali, mwalimu aligonga meza kwa kijiko cha chai, mara moja tu. "Ukishapata jibu, kaa. Samaki yumo kapuni, unarudi majini kutafuta nini?"

Alijua gharama ya swali la ziada. Ujanani alimbana shahidi mpaka akakiri hakuiona sura ya mwizi. Kisha, kwa kiburi, akauliza, "Sasa ulijuaje ni yeye?" Shahidi akajibu, "Kwa kikohozi chake, mama. Tumelala chumba kimoja miaka minane." Mteja wake alifungwa miaka saba. Wakili alimtembelea gerezani kila mwezi hadi alipotoka, na kila mwaka aliwasimulia wanafunzi aibu hiyo bila kuipaka sukari.

Aliyesimama mahakamani asubuhi ile alikuwa mwanafunzi wake, binti aliyeapishwa kuwa wakili miezi mitano tu kabla. Alimtetea mlinzi wa ghala, mzee mwenye wajukuu, aliyekaa rumande mwaka na miezi miwili kwa wizi anaoukana. Kesi ilishaahirishwa mara sita. Jumapili, akiwa kitandani hospitalini, dada alikuwa amemshika mdogo wake mkono. "Lolote litakalonipata, yule mzee asirudi rumande kwa ajili yangu."

Ndiyo maana fundi alinyamaza. Binti akisikia atavunjika, na kesi itaahirishwa tena. Binti aligeuka akamtazama, macho yakiuliza hali ya Mama, kama wanafunzi walivyomwita mwalimu wao. Fundi akainamisha kichwa kama anayesali, na kweli alikuwa anasali.

"Ulimwona mshtakiwa akifungua ghala kwa mwanga wa taa ya mlangoni," binti alimwambia shahidi pekee wa upande wa mashtaka.

"Ndiyo."

"Saa moja na nusu, giza limeshaingia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Dukani. Kununua mishumaa."

"Mishumaa ya nini?"

"Umeme ulikatika mtaa mzima, wakili. Tangu saa kumi na moja jioni mpaka asubuhi."

Binti alivuta pumzi. Fundi alilijua swali lililokuwa likimpanda kooni: sasa ulimwonaje? Alishaulizwa hilo mara mia pale kwenye stuli, na hakukosa jibu hata siku moja: mbalamwezi, tochi, jenereta. Kidole kilimwasha kugonga benchi. Kwenye kizimba cha mshtakiwa, mzee alikuwa ameacha hata kupepesa macho.

Binti akafunga faili. "Sina swali jingine, Mheshimiwa." Akakaa.

Wakili wa serikali aliinuka haraka kuziba ufa. "Ieleze mahakama, uliionaje sura yake?"

"Si nimeshasema? Kwa taa ya mlangoni."

Karani alijifunika mdomo. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akatoka, na aliporudi baada ya nusu saa alisema mzee hana kesi ya kujibu, aachiwe.

Koridoni binti alimjia fundi mbio, joho likipepea. "Mama mdogo, mwambie Mama nilikaa."

"Njoo kwanza hapa kwenye benchi, mwanangu."

"Hajambo lakini?"

"Ametutoka asubuhi. Simu ilikuja kabla hujasimama. Nisamehe, nilikuficha."

Binti hakupiga kelele. Alikilaza kichwa mapajani mwa fundi, na joho lake likaloa.

"Ungeniambia, ningeanguka," alisema baadaye.

"Najua. Naye alijua."

Walimzika Alhamisi, saa tisa alasiri. Mchungaji alisoma zaburi. Mlinzi alikuja na shati lililopigwa pasi, akapokea sepetu, akafukia mpaka akaombwa apumzike. Binti aliitwa aseme kwa niaba ya wanafunzi. Alisema, "Mama, asante kwa kila Jumamosi." Akakaa. Fundi aliomba Mungu ampokee dada yake, akatupia udongo kwa mkono. Kaburi lilisawazishwa, watu wakasema amina, wakaondoka.