Viatu Vyangu Mlangoni mwa Uwanja wa Ndege

Hebu niambie, wewe ushawahi kufika kwenye mlango wa watu, hujagusa kitu, mlango ukafunguka wenyewe?

Mimi nimefika. Nilisimama nikapiga hodi kwa sauti, kama nilivyofunzwa, na wallahi sijaimaliza hodi yangu, vioo viwili vikaachana, kimoja huku kimoja kule. Hakuna mtu nyuma yake! Nikajiitikia mwenyewe, "Karibu," nikaingia.

Hapo ni Ukunda, kwenye jengo jipya la abiria. Mimi ni mtu wa Msambweni, na Ukunda naijua tangu nikiwa kijana, nikienda na kapu la mihogo kichwani. Ndege nilikuwa naziona kwa chini tu, zikipita juu, nikisema hizo ni za wageni wa mahotelini. Sasa siku hiyo ya kwangu ilikuja ghafla. Mjukuu wangu alijifungua Nairobi, kwa kupasuliwa, mtoto wa kwanza. Mama yake mjukuu huyo alishatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyemlea. Mumewe ni baharia, wakati huo meli iko huko mbali hata simu haishiki. Akanipigia asubuhi analia: "Bibi, leo saa tisa wananitoa hospitali. Nitaingia nyumba tupu. Mtoto hata kumshika naogopa." Basi la usiku lingenifikisha kesho. Mwanangu wa kiume akabonyezabonyeza simu yake, akasema, "Mama, funga mzigo. Unaruka saa saba."

Mzigo wenyewe ni leso nne, kitambaa cha mkaja cha kumfunga tumbo, na udi kidogo. Mwanangu akanifikisha mlangoni, akaambiwa yeye mwisho wake hapo, asiye na safari haingii.

Basi nikaingia peke yangu. Yarabi! Dari liko juu, ukiangalia shingo inauma. Ukuta mzima ni kioo, kutoka chini mpaka huko juu, jua linaingia lakini joto halimo. Baridi tamu, kama umefungua mtungi. Na ile sakafu! Inang'aa, nikainama nikauona uso wangu na buibui langu. Nikasema moyoni, hapa mtu hakanyagi na vumbi la nje. Nikavua ndala zangu za ngozi, mpya, za Idi, nikaziweka ubavuni mwa mlango, zimetazama nje, ili nikitoka nivae niende zangu. Si ndivyo tufanyavyo?

Mbele kuna mashine ya kutazama mizigo. Mzigo unaingia mdomoni, unatokea upande wa pili. Askari mmoja, kijana wa bara, akaniita bibi kwa lugha ya kwao: "Shosho, viatu tafadhali."

"Nishavua, mwanangu. Na shikamoo yako umeiacha wapi?"

Akacheka. "Shikamoo, nyanya. Marahaba nitaipata?"

"Marahaba. Umefunzwa vizuri, ni haraka ya kazi tu."

Nikaona kumbe nilifanya sawa, hata wao wanataka watu wavue. Nikapita nikiwa na raha zangu. Nikakaa kwenye kiti, nikatazama ndege ile pale nje, nyeupe, mapangaboi mawili kwenye mabawa. Nikawa nasoma dua, nikatazama, nikasoma tena. Mbele ya kioo kile nilijiona mdogo kama kifaranga, lakini sikuona vibaya. Nilijisemea, walioyabuni mambo haya ni binadamu kama sisi, na Mungu ndiye aliyewapa hiyo akili.

Sauti ikatoka darini, ikatuita. Watu wakapanga mstari kwenye mlango mwingine, unaotazama ndege. Nami nikapanga. Msichana mwenye sare, ushungi umemkaa vizuri, akachukua karatasi yangu ya safari, kisha akatazama chini.

"Mama, viatu viko wapi?"

"Viko mlangoni."

"Mlango gani?"

"Ule nilioingilia."

Akashika kichwa. Kumbe nyumba ile mtu hatokei alikoingilia! Unaingia kwa mlango huu, unatoka kwa ule, ukishatoka ni mbinguni.

"Basi niache niende miguu mitupu," nikamwambia. "Miguu hii imekanyaga mwamba wa Msambweni na maji yakipwa."

"Mama, lami saa hii inachoma, na hairuhusiwi kuikanyaga bila viatu. Na ukishapita mashine huwezi kurudi kule."

"Wajua naenda wapi mimi? Mjukuu wangu anatolewa hospitali saa tisa, ana mshono tumboni, na mtoto wa siku mbili. Hana mtu. Ndege hii ikiniacha, ataingia nyumba tupu."

Machozi yalishanijia, sikufichi. Yule binti akanitazama, akaiambia redio yake, "Nipeni dakika mbili," akakimbia. Wallahi alikimbia, na sare yake na ushungi wake. Watu wote kwenye mstari wakageuka. Mimi nahesabu pumzi.

Akarudi anahema, mikono imejaa viatu.

"Mama, vyako ni vipi? Nimekuta jozi tatu!"

Mzee mmoja wa Tiwi, kofia na kanzu, akakohoa nyuma yangu. "Za kahawia ni zangu. Nilimwona huyu mama amevua, nikasema huyu ndiye mwenyeji, tumfuate."

"Mwenyeji gani? Mimi mwenyewe mara yangu ya kwanza!"

"Sasa umetupoteza wote!"

Na jozi ya tatu ilikuwa ya Mzungu mmoja mwanamke, mrefu, amesimama na soksi zake, anatabasamu. Naye alidhani ndiyo desturi ya hapa. Mstari mzima ulicheka, yule binti akacheka mpaka akaegemea mlango. Tukavaa, tukaenda, lami inapumua moto.

Tukapanda ndege, ikapaa. Tumbo likabaki chini, roho ikatangulia. Nikafumba macho, nikafumbua. Nikaona Diani yote, vichwa vya minazi, na ule mwamba unaovunja mawimbi umekuwa uzi mweupe tu, kama pindo la leso. Maji rangi sijui niziite nini. Miaka yote hiyo naishi ndani ya kitu kizuri namna hii, na hakuna aliyeniambia! Haikupita hata kitambo, jirani yangu wa kiti akanionyesha reli na malori yamejipanga, akasema hapo ni Mackinnon Road. Dada yangu ameolewa huko, kwenda kumwona ni safari ya siku nzima. Nilimpungia mkono, nikaanza kumsomea dua. Nilimpita kabla dua yake haijaisha.

Tulipotua Nairobi teksi ikanipeleka hospitali, na saa tisa kasoro nikamkuta mjukuu wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, mtoto kwenye mapaja, hajui aanzie wapi. Aliponiona alinipa mtoto tu. Tulipofika kwake nikachemsha maji, nikamwogesha mtoto, nikamfunga mama yake mkaja polepole juu ya mshono. Alilala saa nne mfululizo.

Alipoamka nikamwambia lile lililokuwa likinikaa rohoni tangu niiachie ardhi: mtoto huyu atakulia huku bara, na mimi nitakuwa sauti ya simu tu. Akanishika mkono, akasema, "La, bibi. Arobaini ikitimia tunapanda ndege wote watatu. Nywele zake za kwanza zitanyolewa Msambweni, na utazinyoa wewe."