Siku Mnyaa Ulipomwingia Kaka Machoni

Kwetu Butiama uzio ni minyaa. Ng'ombe haigusi, mwizi anaipitaga mbali, kwa sababu ukivunja tawi linatoa maziwa meupe yanayochoma kuliko pilipili. Bibi alikuwaga anatutolea nayo chunjua: tone moja, chunjua inakufa, na wewe unatamani kuifuata.

Sasa jirani akahamisha mpaka. Asubuhi hiyo alifyeka minyaa yote, akaanza kupanda mingine katikati ya mihogo yetu. Kaka yangu akatoka na panga.

"Toka kwetu, fisi wewe!"

"Kwenu? Kwenu ni jikoni kwa mama yako!"

Kaka akampiga bapa la panga begani. Jirani akarudisha rungu la mbavu, nikasikia ko! kama kuni kavu. Wakaviringishana hadi ndoo yetu ya maji ikapinduka. Mimi nilishika jiwe, ila kila nikilenga jirani, kinakuja kichwa cha kaka. Ghafla jirani akavunja tawi bichi la mnyaa, akamchapa nalo usoni.

Kaka alipiga yowe mpaka ng'ombe wakaacha kula. Damu puani, macho yamefumba, anakatakata hewa. Akimkosa jirani anakata mnyaa, maziwa yanamrukia tena. Nikamvamia mgongoni, tukaanguka, panga nikalikalia.

"Maji! Macho yangu yanaisha!"

Maji yameshanywewa na udongo, na ziwa liko Musoma huko. Wazee wanasemaga maji yakikosekana, tafuta maziwa ya mama anayenyonyesha. Pale aliyekuwa ananyonyesha ni mmoja tu: mke wa jirani.

Akaja mwenyewe, anaruka matawi. Mume akainua rungu.

"Rudi nyumbani!"

"Shika mwanao." Akamsukumia mtoto kifuani, rungu likaanguka. Akapiga magoti, akamkamulia kaka jicho hili na hili. "Fumbua, mjinga! Fumbua, shemeji!"

Tukampeleka zahanati Kiabakari, yule mama kamshika mkono, jirani nyuma na mtoto analia njaa, maana chakula chake kinasindikiza mgonjwa. Wakamwosha kwa maji mengi sana. Mganga akasema kemikali inayoua chunjua ndiyo hiyo hiyo inayochubua kioo cha jicho, tusubiri tu.

Jioni jicho la kushoto likafunguka, jekundu kama nyanya. Likaangalia mlangoni.

"Nani yule kabeba mtoto?"

"Adui yako."

Kaka akatazama kidogo.

"Mwambie amshike shingo vizuri."