Rubani Aliyeyeyuka Kwenye Mwanga

Juzi nilitazama kwenye simu tamthilia ya zamani ya chombo cha angani, kwa mara ya kwanza nikielewa wanachosema. Chombo chenyewe ni maboksi yaliyopakwa rangi. Ningecheka, kama si pale rubani anapoyeyuka kwenye mwanga na daktari wao kusema waziwazi: "Amekufa."

Sivyo nilivyoambiwa nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Mkolani, kwenye banda la video la baba mdogo. Palinuka jasho na dagaa wa kukaanga, na yeye ndiye aliyeshika maiki akitutafsiria kile Kizungu. Mchana alipoionyesha tamthilia hiyo alinitoa shuleni mapema, akaniketisha mbele kabisa. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Sengerema. Rubani alipoyeyuka, baba mdogo alishusha maiki.

"Baba mdogo, ameenda wapi?" nikauliza.

"Amesafiri, mwanangu. Atarudi."

Leo najua alikuwa ameshapigiwa simu kutoka hospitali.

Tuliporudi nyumbani nilikuta turubai limefungwa uani, majirani wanapanga viti, masufuria makubwa yako motoni. Nikakimbia ndani kuvaa gauni langu la Krismasi, nimpokee mama.