Kidole Kilichofungwa Kitambaa

Jumatatu saa nne asubuhi, katika ofisi moja mjini Same, katibu muhtasi mkongwe alijaribiwa kuchapa barua kwa programu mpya ya kompyuta. Akishindwa, angepunguzwa kazini. Mimi nilikuwa benchini nikisubiri mhuri.

Alizoea kubonyeza kitufe kimoja kila amalizapo mstari, kazi ihifadhiwe kabla umeme haujakatika. Kwenye programu mpya, kitufe hichohicho kilifuta ukurasa. Ulifutika mara mbili.

“Mama, achana na hicho kitufe,” alisema mkufunzi, kijana wa Dar.

“Mimi nimeshaachana nacho, mwanangu. Kidole ndicho hakijasikia.”

Hakuna aliyecheka. Programu iliwekwa asubuhi moja. Kidole kilifundishwa na miaka ya giza.

Mama akachana pindo la khanga yake, akakifunga kidole hicho pamoja na kidole cha pembeni yake, akaanza upya.

Saa sita mkuu wa ofisi aliisoma barua aliyoichapa Mama, akaisaini. “Kesho saa moja na nusu, kama kawaida.”

Mama aliitikia. Kitambaa hakukifungua.