Chumvi ya Tanuri Langu Imemhamisha Saidi

Kisima cha Saidi nilikiharibu mimi. Si gesi, jamani, ni mimi! Nikisema natubu nitakuwa nadanganya kidogo, maana siku hizi moyoni sisikii kitu. Nimekuwa kama gogo.

Naishi kijiji cha Mute. Gesi ilipogunduliwa na ujenzi wa kiwanda chake ukaanza kule Afungi, si mbali na kwetu, vyuma chakavu vilizagaa kila mahali: makopo ya soda, fremu za madirisha. Nikajenga tanuri uani, nikawa nayeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu, kusubu sufuria.

Alumini chakavu ina ukaidi wake. Ukiiyeyusha hivi hivi, hewa inaila, unabaki na majivu. Dawa yake chumvi. Unaitia humo motoni, inayeyuka, inatanda juu kama mafuta juu ya mchuzi. Hewa haipiti, uchafu unabanduka, matone yanashikana. Ukishamimina alumini, linabaki gamba jeusi la chumvi na taka.

Gamba hilo nilikuwa nalitupa nyuma ya uzio, karibu na kisima cha jirani yangu Saidi. Mke wangu alinionya.

"Baba Asha, yale magamba yakipata mvua yananuka kama mkojo. Yana nini?"

"Chumvi tu. Kwani wewe hupikii chumvi?"

Masika yakaja. Maji ya kisima yakageuka ya chumvi, chai ikawa hainyweki. Mboga za mke wa Saidi zikanyauka zote.

Watu wakasema ni gesi. Wakati ule kila kitu kilikuwa gesi! Kwenye mkutano wa kijiji Saidi akanigeukia.

"Kaka, wewe ndiye mjuzi wa moto na madini. Hii ni nini?"

Nikasimama, na magamba yangu nayajua. "Ni gesi. Hakuna kingine."

Wallahi, nilisema hivyo!

Saidi alikuwa na kazi ya jikoni kambini Afungi. Kesho yake akaenda getini na dumu la maji, akapiga kelele, akitaka wakubwa wayanywe. Wakamnyang'anya kitambulisho cha kazi. Basi, kazi ikaishia hapo.

Kabla ya kuhamia mji wa Mocímboa alikifukia kisima, mtoto wa mtu asije akanywa. Nilimsaidia. Nilishika koleo, nikafukia naye mpaka juu.

Juzi alinipigia simu. Anabeba mizigo sokoni.

"Kaka, nilipofukuzwa kazi wote walinicheka, wewe tu ndiye uliyesimama nami. Mungu akulipe."

Nikajibu, "Amin." Simu ikakatika, nikaenda kula. Na nilishiba.

Enyi mnaoyeyusha alumini, gamba la chumvi lisipate maji! Liwekeni pakavu, lifunikeni, liwe mbali na visima. Na ukikosea, sema siku ile ile, wakati aibu bado inakuchoma. Usingoje ipoe kama yangu. Haya yote nimeweza kuwaambia nyinyi nisiowajua. Saidi sijamwambia.